Ndugu Kenge na Jongo Lake

Kabla hujamwita mwenzako kenge, kaa kwanza nikueleze. Mimi nimeishi na kenge. Nimemlisha kwa mkono, nimemwogesha, nimegombana na mke wangu kwa ajili yake. Ninyi vijana mnaosoma mambo ya wanyama siku hizi, kwenye vyuo vyenye taa na maji ya bomba, mnajua majina mengi ya dawa kuliko mimi. Sikatai. Lakini nina jambo moja la kuwaambia kuhusu mkojo, na nitalisema nikiwa bado na pumzi.

Nilikuwa mhudumu wa maabara katika shule moja ya sekondari hapa mjini Singida, miaka ile ya Ujamaa. Elimu yangu ilikuwa darasa la nne la mkoloni. Nilipewa koti jeupe lililonipita magoti, nikajiona daktari. Kazi yenyewe ilikuwa kuosha chupa, kuwasha jiko la spiriti, kufagia, na kutunza wanyama wa somo la baiolojia: sungura wawili, kobe mmoja mkaidi, na mijusi wa kwenye mawe, wale wenye vichwa vyekundu wanaopiga pushapu juani kana kwamba wanalipwa.

Mwalimu wa baiolojia aliitwa Mwalimu Salome. Alikuwa mwembamba, mpole, na akikukosoa ulikuwa huna pa kujificha, maana hakupaza sauti hata kidogo. Alinifundisha mambo mengi ambayo hayakuwa katika kazi yangu. Nadhani alichoka kuwafundisha watu wanaotaka mtihani tu.

Siku ya kwanza kabisa alinikuta napangusa kinyesi cha mijusi huku nimekunja uso. Akaniuliza, "Elia, hicho unachopangusa ni nini?"

"Ni mavi, mwalimu, samahani kwa lugha."

"Yote?"

Nikatazama. Kilikuwa kidonge cheusi chenye ncha nyeupe. Ninyi pia mmekiona maisha yenu yote, ukutani na kwenye madirisha, mkalaani mjusi mkapita.

"Nyeusi ni choo," akasema. "Nyeupe ni mkojo."

Nilicheka. Mkojo mkavu! Akaniambia mjusi ni mchumi kutushinda sisi wa Singida tunaongoja mvua. Sisi tunamwaga maji mengi ili kutoa taka kidogo. Yeye figo zake, ambazo zimejificha huko nyuma kabisa karibu na shina la mkia, zinaigeuza taka kuwa kitu kama chokaa, na maji yanarudi mwilini. Choo na mkojo vinatokea tundu moja. Mijusi wengine wana kibofu, wengine hawana. Nikamsikiliza nikajiambia, basi huyu hahitaji maji. Anaishi kwenye mawe, hakojoi maji, maji ya nini? Nikaacha kuwawekea.

Hapo mwalimu alikuwa hajamaliza somo. Nami, kama wengi wenye elimu ndogo na koti refu, nilikuwa nimeshaondoka na nusu ya maneno. Shikeni hilo, maana ndilo lililotaka kumwua kiumbe niliyempenda.

Sasa huyo kiumbe. Enzi hizo kila shule ilitakiwa ijitegemee, na yetu ilifuga kuku. Mayai yakaanza kupotea. Kwanza walishukiwa wapishi, kisha nikashukiwa mimi, kwa sababu nilikuwa nimenenepa kidogo. Asubuhi moja nikafungua banda, nikamkuta kenge wa nchi kavu, mrefu kama jembe na mpini wake, amelala katikati ya maganda, tumbo limejaa hata hawezi kukimbia. Wanafunzi wakaja na majembe na marungu. Sijui nini kilinipata. Nilivua lile koti jeupe nikamfunika nalo, nikamkumbatia. Alinichapa mkia shavuni, alama mnaiona. Lakini nilikuwa nimeondolewa lawama ya mayai, na mtu aliyekuondolea lawama humtupi.

Mwalimu Salome akasema, "Mlete ndani. Huyo ni kitabu kizima."

Tukamjengea kizimba cha mbao na wavu dirishani. Kwa jinsi alivyokaa na kutazama watu kwa dharau, nikamwita Mwenyekiti. Mkuu wa shule alisikia siku hiyo hiyo, akaja mbio. "Elia, unataka tufungwe?" Basi tukatafuta jina lisilo na hatari. Siku hizo kila mtu alikuwa ndugu: ndugu mkulima, ndugu karani, ndugu mgeni wa heshima. Naye tukamwita Ndugu.

Nitawaambia namna ya kumshika kenge, maana siku moja mtahitaji. Mkono mmoja nyuma ya shingo, wa pili mbele tu ya miguu ya nyuma, na mkia ubane kwapani. Usimshike mkia peke yake. Na usimwonyeshe haraka; mnyama anaisikia haraka yako kabla mkono haujafika.

Kwetu mgeni wa maana anapewa kilicho laini. Nami nilimwona Ndugu kuwa mgeni wa maana. Mzee Athumani mwenye bucha alikuwa rafiki yangu, akawa ananiwekea vipande vya maini kila siku. Maini, maini, maini. Jinsi Ndugu alivyoyapokea! Ulimi unatoka, kichwa kinainama, kisha anameza na kufumba macho. Mke wangu Mariamu alikuwa ananyonyesha mtoto wetu wa kwanza, Neema, na siku moja aliniambia, "Elia, kenge anakula maini, mimi nakula mlenda. Nani mwenye mtoto hapa?" Nikamletea kipande kimoja, akanitazama hivi, nikaleta viwili.

Maini bila maji, miezi mingi. Wenye elimu mmeshaanza kutikisa vichwa. Tikiseni tu.

Alianza kwa kutembea vibaya. Kisha viungo vya miguu ya nyuma vikavimba, na vidole vikawa vinene kama vya mtu aliyefungwa bendeji. Kile cheupe chake, kilichokuwa laini kama uji mzito, kikawa cha manjano na kigumu kama chaki. Mimi niliona, maana mimi ndiye niliyefagia. Niliona nikanyamaza, nikaongeza maini ili apate nguvu.

Kisha hata cha manjano kikakoma. Ndugu akaacha kula, macho yakaingia ndani. Mwalimu Salome akamwita bwana mifugo.

Bwana mifugo wetu wakati ule alikuwa Bwana Hamadi, mtu wa pwani, kutoka huko Pangani. Mtu mzuri, ila Kiswahili chake kilikuwa kinatukimbia. Yeye alizaliwa nacho. Sisi tulikikuta shuleni, tukakibeba kama tulivyoweza. Alikuja na Landrova ya serikali, dereva hakuzima hata injini, kwa sababu ng'ombe wa Ilongero walikuwa wanamsubiri joshoni waogeshwe dawa. Mwalimu alikuwa darasani, kwa hiyo nilikuwa peke yangu. Akamshika Ndugu, akabonyeza viungo, akamtazama mkunduni, akasikitika.

"Huyu ana jongo," akasema, akielekea kwenye gari.

"Jongoo?"

"Ee, jongo. Na jongo hili limetokana na maini. Mwondolee..." Hapo injini ikanguruma, mkono ukapunga, vumbi likabaki.

Wajukuu zangu, jongo ni ugonjwa. Ni ile taka ya mkojo ikishindwa kutoka, inakwenda kukaa kwenye viungo na kuviwasha moto. Watu wa pwani wanalijua neno hilo tangu utotoni. Mimi nilikuwa sijapata kulisikia. Mimi nilijua jongoo, mdudu mwenye miguu mingi, anayejikunja ukimgusa. Na nilielewa kwamba jongoo ametoka kwenye maini.

Nikaenda moja kwa moja kwa Mzee Athumani.

"Mzee, shikamoo. Umenipa maini yenye jongoo."

"Marahaba. Yenye nini?"

"Jongoo! Bwana mifugo kasema. Kenge wa shule anakufa kwa jongoo la kwako!"

Wateja wakaweka nyama chini. Mzee Athumani alishika kisu akakiweka tena, taratibu. "Elia," akasema, "mimi nimechinja tangu hujaoa. Nimeona minyoo kwenye maini. Nimeona majani, nimeona hata msumari. Jongoo anapanda wapi mpaka aingie kwenye ini la ng'ombe? Ana ngazi?"

Watu walicheka mpaka nje. Nikaondoka nimekasirika, na hasira haina masikio. Nilichofikiria ni kumtoa jongoo tumboni kwa Ndugu. Dawa ya kutoa kitu tumboni niliijua, bibi yangu alitupa sote: mafuta ya nyonyo. Nikampanua mdomo nikamtia kijiko. Jioni nikatia cha pili.

Najua mnachofikiri. Kiumbe amekaukiwa maji, nami nimempa dawa ya kuharisha. Maji kidogo yaliyobaki yakatoka, nami nikakaa nayachunguza kwa kijiti, natafuta miguu ya jongoo.

Siku ya pili hakuweza kuinua kichwa. Mkuu wa shule akaingia maabara na daftari. Alikuwa mtu wa haki lakini hakupenda vitu visivyo na kazi. Wakaguzi walikuwa wanakuja wiki iliyofuata. Akasema mbele yangu na Mwalimu Salome: "Kenge anayekufa dirishani si picha ya shule. Ijumaa asubuhi nitapita. Kama hajainuka, mtieni kwenye chupa ya fomalini, awafae wanafunzi akiwa amekufa."

Ilikuwa Jumanne. Chupa yenyewe nilikuwa nimeiosha mimi, kubwa, ya kioo, kwenye rafu ya juu. Nikaitazama. Nikamweleza Mwalimu Salome kila kitu, maini, jongoo, nyonyo, na kwamba sikuwa nimewawekea mijusi maji tangu mwaka uliopita. Aliinama akamgusa Ndugu viungo. Mimi ningependa anitukane.

"Nilikuambia maji yanarudi mwilini," akasema. "Yanarudi kutoka wapi, Elia, kama hayajaingia?"

Habari ya jongoo hata yeye hakuielewa, kwa hiyo nilichukua baiskeli ya shule nikaenda Ilongero. Upepo wa kwetu mnaujua, ulikuwa wa mbele njia nzima. Nilimkuta Bwana Hamadi joshoni, suruali imekunjwa, anahesabu ng'ombe wanaorukia kwenye dawa. Nikamwambia nimempa kenge nyonyo vijiko viwili na jongoo hajatoka.

Alinitazama kama anayejaribu kukumbuka jina langu. "Jongoo gani?"

"Uliyesema. Aliyetokana na maini."

Akaanza kucheka. Alicheka akashika nguzo ya josho. Kisha akaona uso wangu, akaacha. "Ndugu yangu," akasema, "nilisema jongo *hili limetokana*. Angekuwa mdudu, ningesema hili? Ningesema jongoo huyu ametokana! Hukusikia?"

Nilisikia. Lakini sisi wa bara, nani alijali hili na huyu? Kwetu meza huyu, mbuzi hii, maisha yanaendelea. Mwalimu wangu wa darasa la nne alinichapa kwa ajili ya ngeli, nikaona anaonea watoto. Pale joshoni, nilielewa alichokuwa anajaribu kuokoa.

Bwana Hamadi akaniketisha kwenye jiwe akanieleza polepole, mara mbili, akanifanya nirudie. Maini yana nguvu nyingi mno, yakivunjika mwilini yanaacha taka nyingi, na figo zisizo na maji zinashindwa kuisukuma. "Hakuna sindano nitakayokupa," akasema. "Dawa ni maji na jua. Na sikuahidi kitu, maana umechelewa."

Nilifika nyumbani nikamwomba Mariamu karai. Lilikuwa moja tu, la bati, tulilomwogeshea Neema.

"La nini?"

"La Ndugu."

Mke wangu hakuwa mtu wa maneno machache. Lakini aliniangalia, nadhani aliona nimelia njiani, akamwaga maji yaliyokuwamo, akanipa. "Mtoto ataoga kwenye sufuria," akasema. "Ila usilirudishe bila kulisugua kwa majivu."

Sasa sikilizeni, hii ndiyo kazi. Maji yawe vuguvugu, na usipime kwa kidole, kidole cha mfanyakazi kimekufa ganzi. Pima kwa kiwiko, kama maji ya mtoto. Yamfike mabegani tu, kichwa kibaki nje. Mshikilie kidevu ikiwa amechoka. Subiri. Usizungumze sana. Atameza maji mwenyewe akitaka, utaona koo linatikisika. Kisha mtoe, mpanguse, mpeleke juani, na kivuli kiwe karibu ili achague mwenyewe. Mjusi baridi figo zake zinalala. Unamtia maji bure kama hujampa joto. Na si kila mjusi anakunywa kwa njia moja. Kinyonga anaweza kufa kwa kiu bakuli likiwa miguuni mwake, kwa sababu yeye anajua tone la umande kwenye jani. Mnyunyizie majani, atalamba.

Nilifanya hivyo Jumatano mara tatu. Alhamisi mara tatu. Mwalimu Salome alikuja kati ya vipindi, akamshikilia kidevu nikienda kuchemsha maji. Alhamisi mchana koo likatikisika. Nikamwita mwalimu kwa sauti iliyosimamisha darasa la jirani. Lakini chini, kwenye gazeti, hakukuwa na kitu. Maji yaliingia, taka haikutoka.

Ijumaa nilifika jua linachomoza. Ndugu alikuwa pale pale. Nikamtia kwenye karai, nikamtoa, nikamweka dirishani jua lilipopiga, nikaketi. Nikasikia viatu vya mkuu wa shule barazani. Akaingia, Mwalimu Salome nyuma yake. Mkuu akatazama kizimba, akatazama rafu ya juu.

Hapo Ndugu akainua mkia. Kidogo tu, kwa shida. Na juu ya gazeti ikatua nyeupe. Laini, yenye maji pembeni, kubwa kuliko kipande cha ugali unachomkatia mtoto.

Mwalimu Salome akaweka mkono mdomoni. Mimi nilipiga kelele nikasahau nani yuko mle.

"Ndiyo nini hicho?" mkuu akauliza.

"Mkojo, mwalimu!"

"Wa nani?"

"Wa Ndugu!"

Akainama, akavua miwani, akaitazama nyeupe ile muda mrefu kama anayesahihisha insha. Kisha akasema, "Basi aendelee kukojoa," akatoka. Ile chupa tukaiwekea kichwa cha kambale.

Hakupona kabisa, nisiwadanganye. Vidole viwili vilibaki vinene mpaka mwisho. Sikumpa tena maini. Alikula panzi, mayai viza, panya mzima na mifupa yake, hata jongoo wa kweli msimu wa mvua, nikamtazama anavyowafurahia nikaona ananicheka. Mzee Athumani nilimwomba radhi mbele ya wateja wale wale. Akanisamehe, lakini mpaka anafariki hakuacha kuniuliza habari za ngazi.

Ndugu aliishi mvua mbili zaidi. Asubuhi moja nilimkuta amelala juani, ametulia kupita kiasi. Mwalimu Salome akaniuliza kama ningependa asipasuliwe. Nikasema apasuliwe, nataka kuona. Akazitafuta figo kule nyuma, karibu na shina la mkia, akazifungua kwa ncha ya kisu. Zilikuwa zimejaa chembe nyeupe, kama mtu amezinyunyizia chokaa. Kibofu hakuwa nacho.

"Ni za zamani hizi," mwalimu akasema kwa upole.

Nilijua ni za lini. Kila chembe ilikuwa kipande cha maini nilichompa kwa mkono wangu, naye akafumba macho. Nililia, na sioni aibu kuwaambia.

Nimestaafu siku nyingi sasa. Mariamu ametangulia. Mwaka huu dole gumba la mguu wangu lilivimba, likawa jekundu, hata shuka likiligusa napiga yowe. Nikaenda kliniki. Daktari, kijana mwenye heshima, alinipa shikamoo, akapima damu, akaanza kuhangaika na neno la Kiswahili.

"Sema tu jongo, mwanangu," nikamwambia. "Jongo hili."

Nilicheka mpaka nesi akachungulia mlangoni.

Nilipofika nyumbani nikamkuta Neema. Amekuja kutoka Ihanja na basi la asubuhi, mtu mzima sasa, ana wajukuu wake mwenyewe. Alisikia baba anaumwa, akapitia buchani. Akafunua bakuli mbele yangu: maini, ya kukaanga na vitunguu, laini, yanatoa mvuke. Akatabasamu vile vile kama mama yake. Nami nikayatazama maini yale nikajua kabisa upendo ule ni upi. Mimi niliwahi kuua nao.

Nikamshika mkono asije akadhani nimemkataa. Nikamwambia, "Mwanangu, wape watoto. Mimi niletee maji ya kunywa, mengi. Na lile karai letu la zamani liko nyuma ya mlango, ulete niloweke mguu."

Akalileta. Alikuwa amelisugua kwanza kwa majivu.